Mwenye Safu ya Jumamosi

Mchapishaji aliniomba kurasa chache juu ya maisha ya marehemu mume wangu, ziwekwe mwanzoni mwa kitabu hiki. Nilimpelekea rasimu ya kwanza ya kurasa hizi, ambazo zinahusu maisha ya mdogo wangu wa kike. Alinipigia simu akauliza, kwa adabu zake zote, kama nimechanganya bahasha. Nikamwambia bahasha ni hiyohiyo, asome hadi mwisho, anywe maji, kisha anipigie tena.

Mdogo wangu amekuwa mkutubi wa maktaba ya mji wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Nyumbani tunamwita Nukta. Jina hilo alipewa na baba siku aliyozaliwa. Baba alimtazama, akatutazama sisi sita tuliotangulia, akamwambia mama, "Hapa sasa naweka nukta." Jina likamkaa, maana alikua mfupi, na hadi leo akisema neno la mwisho katika mabishano, mabishano hayo yamekwisha.

Baba alikuwa karani, na kila jioni alirudi na gazeti la jana lililokwisha kusomwa ofisini. Tuligawana kurasa zake. Mimi nilitaka habari za serikali, kaka zetu walitaka mpira, na Nukta alichukua chochote kilichobaki, hata matangazo ya vifo. Alikuwa akisoma karatasi iliyofungiwa sukari kabla sukari haijamiminwa. Mama akimtuma dukani, alichelewa kwa sababu alisimama njiani kusoma kipande cha gazeti alichofungiwa chumvi, na akirudi alikuwa anajua habari nusu, akitusumbua sisi wengine tumtafutie nusu ya pili.

Mimi nilikwenda chuo cha ualimu nikafundisha lugha katika shule ya wasichana kwa miaka kumi na mmoja. Yeye aliomba kazi maktaba, kwa sababu, alisema, ni mahali pekee ambapo mtu akikukuta unasoma hakuulizi kama huna kazi.

Kazi yake naijua vizuri. Asubuhi anafuta rafu kwa kitambaa kikavu, anapiga chafya tatu, hazizidi wala hazipungui, kisha anapanga kadi za waazimaji. Vitabu vilivyoachana na migongo yake anavitia gundi ya unga anayoipika mwenyewe na kuvibana kwa matofali mawili hadi vikauke. Wasomaji anawajua kwa vitabu vyao, wala hajishughulishi na majina. Yuko Mzee wa Reli, yuko Mama wa Magonjwa, ambaye kila akisoma dalili mpya anaipata Jumatano inayofuata, yuko pia fundi saa ambaye kwa miaka minane ameazima kitabu kilekile kimoja na kukataa katakata kujaribu kingine.

Vitabu vikichakaa kupita kiasi, maktaba huvipiga muhuri mwekundu wa KIMEFUTWA na kuvitoa. Vitabu hivyo ndivyo Nukta anavyovikusanya. Nimewahi kukutana na watu wanaokusanya vitabu vinavyotafutwa. Yeye anakusanya vile ambavyo hakuna anayevitaka. Kitabu kikikosa kurasa za mwisho, anaandika barua kwenye maktaba za miji mingine hadi apate nakala nzima, ananakili kurasa zilizopotea kwa mkono, na kuzibandika mahali pake. Kipo kimoja kilichomchukua miaka minne kwa ajili ya kurasa sita. Nilimuuliza, kisa chenyewe kilikuwa kizuri kiasi hicho? Akanijibu, "Kibaya sana, dada. Lakini mwenye kukianza ana haki ya kukimaliza."

Nilipoolewa, na wazazi wetu walipofariki, alihamia chumba cha uani nyumbani kwetu. Mume wangu alimpokea kwa moyo mweupe. Nasema hivyo na siliondoi neno hilo, hata baada ya yaliyotokea.

Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Alikuwa mzito wa mwili na mzito wa sauti, mwenye suti tatu na kalamu ya wino wa buluu aliyokuwa akiiosha kila Jumapili. Gazeti lilipomwomba aandike safu ya vitabu kila Jumamosi, hakuna aliyeshangaa. Aliishika miaka kumi na tisa. Humo watu walisoma habari za vitabu vipya, nani kapata tuzo na nani kanuna kwa kuikosa, na mwishoni daima kulikuwa na kitabu kimoja kilichosomwa kwa makini, kikasifiwa au kikachapwa.

Jumamosi asubuhi, safu ilisomwa mezani kwetu kwa sauti. Mimi nilimimina chai, Nukta alikata mkate, na yeye alisoma gazeti akiwa amelinyanyua kama mtu anayesoma hotuba. Nilikuwa nikimkatiza kwa sifa. Mtu asiyejua raha ya kuishi na mume anayeweza kuandika sentensi nzuri hawezi kuelewa Jumamosi zangu zilikuwaje. Niliziringia sokoni, niliziringia kwenye vikao vya wazazi, niliziringia hata kwa daktari wa meno, nikiwa nimefumbua kinywa.

Kipande kimoja nilikijua kwa moyo: "Kitabu hiki nilikisoma nikiwa nimesimama juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika rafu, kwa sababu nilikifungua ili nikipange tu, na kilipokwisha kunishika sikuona sababu ya kushuka. Miguu ilikufa ganzi kwenye sura ya tano. Hiyo ndiyo tuzo ninayokipa: miguu yangu miwili."

Siku hiyo nilicheka hadi chai ikamwagika. "Wewe? Juu ya ngazi? Ngazi gani hiyo iliyokubali?"

"Hayo ni mambo ya kifasihi, mama," alisema, akikunja gazeti taratibu. "Hayachukuliwi hivyohivyo."

Nukta aliendelea kukata mkate. Nakumbuka alikata mwingi kuliko tuliohitaji.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lazima nilieleze, ingawa linanihusu mimi. Mwaka wa pili wa safu ile, niliandika maoni yangu juu ya vitabu viwili nikayapeleka kwenye gazeti lilelile. Yalichapishwa, na mhariri akaniomba mengine. Mume wangu aliyasoma, akayasifu, kisha akaniketisha. Akasema watu wataanza kusema mke na mume wameliteka gazeti, na kwamba safu moja yatosha nyumba moja. Nilimwelewa. Nilikuwa na watoto wawili, shule na jina la nyumba la kuangalia. Nikaweka kalamu chini, na sikuilalamikia mahali popote.

Alifariki mwaka juzi, kwa maradhi ya moyo. Rambirambi zilijaa kapu, nyingi kutoka kwa watu tusiowajua waliomsoma Jumamosi. Baada ya mwaka mmoja mchapishaji alikuja na wazo la kuzikusanya safu zote katika kitabu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Safu zilizokuwa kwenye mafaili ya marehemu, kwa mwandiko wake safi, nilizipanga kwa tarehe. Zilipungua kumi na mbili. Nikakumbuka kwamba Nukta hatupi karatasi yoyote, nikaenda chumbani kwake saa nne asubuhi, yeye akiwa kazini, kutafuta magazeti ya zamani.

Magazeti sikuyapata. Nyuma ya vitabu vyenye muhuri mwekundu nilikuta madaftari, ya shule, yale ya mistari, thelathini na manane. Nilifungua la kwanza nikiwa nimesimama. La pili nilikaa kitandani.

Karibu zote zilikuwamo. Safu ya ngazi ilikuwamo, imekatwakatwa, sentensi ya miguu miwili imejaribiwa mara nne kabla ya kutulia. Tarehe zilitangulia zile za gazeti kwa siku sita au saba. Na pembeni, kwa wino wa buluu ninaoujua, kulikuwa na maneno ya mume wangu: "Shemeji, hii fupisha." "Hapa umekuwa mkali, huyu bwana nakutana naye kwenye mikutano." "Jumamosi ijayo nipatie kitabu cha safari, watu wamechoka na riwaya." Mahali pamoja, chini ya ukurasa, aliandika: "Hii nimeisoma mara tatu. Sina la kugusa." Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia mimi neno kama hilo juu ya kitu nilichoandika.

Nataka nieleweke. Niliyapekua madaftari yote thelathini na manane nikitafuta lile ambalo mwanamke yeyote angelitafuta, na halikuwemo. Hapakuwa na neno moja la mapenzi. Vilikuwa vitabu, vitabu, vitabu. Ningejua la kufanya na mapenzi. Dada zangu wengine wangenijia, tungelia, tungetukana, ingekwisha. Hili lilikuwa ni mazungumzo ya miaka kumi na tisa ndani ya nyumba yangu, juu ya jambo nililolipenda kuliko yote, na mimi nilikuwa mtu wa kumimina chai.

Aliporudi saa kumi nilikuwa jikoni. Madaftari nilikuwa nimeyapanga juu ya meza. Aliyaona kabla hajanisalimu.

"Umeingia chumbani kwangu," alisema.

"Nyumba ni yangu."

"Na madaftari ni yangu."

"Hilo ndilo ninalouliza, Nukta. Ni yako?"

Akavua viatu, kimoja kimoja, akaketi. "Tangu ya tatu," alisema. "Mbili za kwanza aliandika mwenyewe. Mhariri akamwambia zinasomeka kama kanuni za bweni. Shemeji akaja maktaba, akakaa kwenye kiti cha watoto kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, akaniambia, 'Shemeji, ninyooshee kidogo.' Nikanyoosha. Wiki iliyofuata akaleta kitabu tu, bila karatasi."

"Na wewe ukaandika."

"Nikaandika. Dada, nilikuwa na miaka thelathini, natia gundi vitabu vya watu. Mtu ananiambia niseme ninachofikiri, na Jumamosi kinasomwa na mji mzima. Ningekataaje?"

"Ungekuja kwangu!"

"Kuja kukwambia nini? Si ulikuwa unajua?"

Nikamwangalia. Na yeye akaniangalia, na nikaona kitu kikigeuka usoni mwake, taratibu, kama mtu anayehesabu na kupata jawabu lisilofaa.

"Shemeji aliniambia unajua," alisema. "Siku ileile ya kwanza. Alisema, 'Dada yako nimemweleza, amekubali, ila hataki litajwe kamwe. Unamjua alivyo na heshima ya nyumba.' Na mimi nakujua. Nikanyamaza."

"Miaka kumi na tisa?"

"Kila Jumamosi ulikuwa unamsifu mbele yangu bila hata kupepesa jicho! Mimi nakata mkate nasema moyoni, kweli dada ana kifua. Wakati mwingine nilikuchukia. Nilisema, huyu si angenikonyeza hata siku moja tu? Hata mara moja, dada?"

Nilikaa. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelitoa.

"Na zile zangu mbili?" nikauliza. "Zile nilizoandika. Alikwambiaje?"

"Kwamba umechoka. Kwamba umesema kuandika ni kazi ya watu wasio na shughuli." Akajifuta uso kwa kiganja. "Niliumia, maana nilijua umenisema mimi."

Mume wangu hakuwa mwongo wa kila siku. Shuleni alimfukuza mwalimu kwa kuiba mtihani. Lakini alitujua sote wawili vizuri mno: alijua mimi nitanyamaza kwa ajili ya jina, na Nukta atanyamaza kwa ajili yangu. Hakuhitaji hata kufunga mlango.

Wiki ile niliamua kuficha. Nasema wazi, kwa sababu naona aibu kujifanya shujaa. Kitabu kingetoka kwa jina la marehemu, madaftari yangerudi nyuma ya rafu, na mambo yangekwisha. Kaka mkubwa wa marehemu alikuja, maana watoto wangu, ambao nilikuwa nimewaeleza, walikuwa wamemdokeza, na aliniunga mkono kwa nguvu zote. Alikaa kwenye kiti cha ndugu yake akaniambia, "Shemeji, wewe ni mtu mwenye shule. Maiti hajitetei. Jina la ukoo wetu liko kwenye jalada lile, na jina haliandikwi kwa penseli." Kisha akamgeukia Nukta aliyekuwa analeta vikombe. "Na wewe, mkutubi, kazi yako si kutunza vitabu vya watu? Basi tunza na hiki."

"Nimekitunza, kaka," alijibu Nukta. "Ninyi ndio mmekifungua."

Nilidhani limekwisha.

Siku mbili baadaye nilikwenda maktaba kuhakikisha tarehe za zile safu kumi na mbili. Nilikuwa sijafika kule miaka mingi. Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kofia iliyopauka, aliniomba jina ili aandike daftarini. Nilipolitaja alisimama wima, akatabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo.

"Ah, mama! Kumbe wewe ndiye dada wa mwandishi?"

"Mwandishi gani?"

"Huyu wetu wa juu! Wa Jumamosi!" Akashusha sauti, akionyesha ngazi kwa kidole. "Sisi hapa tunajua siku zote. Alikuwa akitusomea Alhamisi, kabla haijaenda. Ile ya miguu miwili nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeishika ngazi!"

Nilimshukuru. Sikupanda juu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kila mtu niliyepishana naye nilijiuliza, huyu naye anajua? Mlinzi anajua. Msafishaji anajua. Mzee wa Reli, bila shaka. Watu waliponisikia nikiringa sokoni, wangapi waligeuza shingo wacheke? Jina nililokuwa nikililinda lilikuwa limeshakwenda mjini zamani na kurudi, na mimi bado nimesimama mlangoni nimeshika ufunguo.

Ndipo nilipoamua. Ikiwa aibu haina budi kutoka nyumbani kwangu, itatoka kwa mlango wa mbele, imevaa vizuri, na mimi nitaisindikiza. Niliandika rasimu ile nikaipeleka, na mchapishaji aliponipigia tena nikamwambia jina la jalada linabadilika. Kaka wa marehemu hajanipigia tangu siku hiyo. Watoto wangu wananipigia, lakini wanauliza hali ya hewa.

Nukta alikataa. Nilimkuta akibana kitabu kwa matofali, mikono imejaa gundi.

"Sikuomba," alisema.

"Hujaombwa uombe. Uliandika, jina ni lako."

"Unafanya hivi kwa ajili yangu au kumchapa yeye?"

Nilikuwa na jibu tayari, la heshima. Sikulitoa. "Yote mawili," nikasema. "Na kwa ajili yangu pia. Sitaki kucheka mezani kwa jambo ambalo mlinzi analijua kuliko mimi."

Akazungusha brashi ndani ya kopo. "Basi na yeye awekwe. Chini yangu, kwa herufi zilezile."

"Awekwe kama nani? Mnakili? Mwandiko wake ulikuwa mzuri, sina ubishi."

"Dada!"

"Nitajie sentensi moja aliyoiandika."

"Alikuwa anasoma," alisema, na macho yake yalijaa. "Humjui. Kila nilichokiandika alikisoma kama mtu mwenye njaa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisoma hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilimsoma. Kila Jumamosi, miaka kumi na tisa, nilimsoma na nikazikariri sentensi zake. Lakini nilikuwa nimemsoma nikidhani ni mtu mwingine, na nikaona kwamba kwake hilo halihesabiwi. Huenda hata kwangu.

Tukabishana siku tisa. Mchapishaji alivumilia. Mwishowe tulikubaliana hivi: jalada ni jina la Nukta peke yake, maisha yake nayaandika mimi, na ukurasa wa shukrani anauandika yeye bila mtu yeyote kuugusa. Kabla kitabu hakijaenda kiwandani alikuwa ameshapata chumba karibu na maktaba. Alihama na vitabu vyake vyote vya muhuri mwekundu kwa safari tano za mkokoteni. Hakunigombeza. Alisema tu anataka kuishi mahali ambapo akifunga daftari linabaki limefungwa.

Shukrani zake zililetwa kwangu na mchapishaji, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikisahihisha kurasa. Mtazikuta ukurasa unaofuata. Anamshukuru mlinzi kwa kushika ngazi. Anawashukuru wasomaji wake wa maktaba, kila mmoja kwa kitabu chake. Anamshukuru shemeji yake, kwa mistari minne, na mistari hiyo ni mizuri kuliko chochote kilichomo kitabuni. Mimi simo.

Mchapishaji aliniuliza, akiangalia kucha zake, kama ningependa azungumze naye. Nikamwambia hapana. Nilisahihisha kosa moja la chapa katika mstari wa pili, nikaandika tarehe, na nikaurudisha ukurasa ule uende kiwandani kama alivyouandika.